Tutumie vigezo gani kuzipa alama episodi za Batman: The Animated Series?

Wino_na_Picha ameuliza:

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nimo katika kazi ya kuandika tathmini ya episodi zote 85 za Batman: The Animated Series, katuni iliyoanza kurushwa na Fox Kids nchini Marekani tarehe 5 Septemba 1992 na kufikia tamati mwaka 1995. Naitazama kila episodi, naiandikia aya chache, kisha naipa alama kati ya sifuri na kumi. Kuandika hakunisumbui. Kinachonisumbua ni hizo alama.

Utaratibu ninaoutumia ni wa kugawanya: hadithi ina alama nne, uchoraji na uhuishaji vina alama tatu, sauti za waigizaji zina alama mbili na muziki una alama moja. Niliuchagua ili kupunguza upendeleo, lakini matokeo yake yananitia mashaka. Waigizaji wa katuni hii karibu wote ni hodari, na muziki wake, uliosimamiwa na Shirley Walker, uliandikwa mahususi kwa ajili ya kila episodi na kupigwa na okestra, hivyo hata episodi iliyo dhaifu kupita zote inaanza ikiwa na alama tatu kibindoni. Kwa hesabu hiyo, "I've Got Batman in My Basement", ambayo mashabiki wengi huiweka mkiani, imepata alama zinazokaribiana na za "Feat of Clay" sehemu ya kwanza, kwa sababu tu michoro ya hii ya pili inayumbayumba. Yeyote aliyezitazama zote mbili anajua kwamba hazilingani hata kidogo.

Naomba maoni yenu juu ya mambo matatu. Je, kujumlisha vipengele ni njia halali ya kupima episodi, au niiache? Je, kisa kilichogawanywa katika sehemu mbili kipewe alama moja au mbili? Na je, nifuate mpangilio wa kurushwa hewani au wa kutayarishwa? Nauliza hili la mwisho kwa sababu iliyorushwa kwanza ni "The Cat and the Claw" sehemu ya kwanza, ilhali iliyotangulia kutayarishwa ni "On Leather Wings", ambayo watazamaji waliiona siku iliyofuata.

Fremu_Tuli amejibu:

Ndugu Wino_na_Picha, hongera kwa kazi uliyojitwika. Nitajibu swali la kwanza peke yake, maana ndilo lenye uzito kuliko hayo mengine.

Hata ukiupunguzia muziki alama na kuiongezea hadithi, utabaki palepale. Jedwali lako linachukulia kwamba kila kipengele kinafanya kazi kivyake, na episodi ya dakika ishirini na mbili haina nafasi ya anasa hiyo, kwa kuwa kila kilichomo ama kinakisukuma kisa mbele au kinakula muda wa kitu kingine. Ndiyo sababu episodi bora za katuni hii zinaonekana kuwa ndefu kuliko zilivyo, na zile mbovu zinachosha ingawa muda ni uleule.

Chukua "Heart of Ice", iliyoandikwa na Paul Dini na kuongozwa na Bruce Timm. Muswada wake ulipata tuzo ya Daytime Emmy, na mara nyingi sifa zake huishia kwenye huzuni ya Mr. Freeze, mwanasayansi aliyempoteza mkewe Nora baada ya tajiri Ferris Boyle kuingilia jaribio lililokuwa limebeba uhai wake, na ambaye tangu hapo anaweza kuishi katika baridi kali tu. Huzuni hiyo ni ya kweli, nami siibezi. Lakini tazama jambo dogo ambalo wachambuzi wengi hulipita: mafua ya Batman. Mapema kabisa anapiga chafya, naye Alfred, mtumishi na mlezi wake, anamfungia supu ya kuku kwenye chupa ya kutunza joto. Mtazamaji anacheka na kusahau. Katika pambano la mwisho, Batman akiwa ameishiwa na kila silaha, ni supu hiyo ya moto inayopasua kofia ya kioo ya Freeze. Kichekesho kimegeuka kuwa ufumbuzi, na ufumbuzi wenyewe umebeba maana, kwa sababu mtu aliyenyimwa joto lote la kibinadamu ameangushwa na kitu ambacho mlezi alimpikia mgonjwa wake. Sasa niambie, utakiweka hicho katika safu gani ya jedwali lako? Ni hadithi, ni picha, ni mpangilio wa muda, na vyote vimetokea kwa pamoja.

Ningekushauri ujiulize maswali yasiyotaka tarakimu. Ni nini kimebadilika kati ya dakika ya kwanza na ya mwisho? Badiliko hilo limemgharimu nani? Na je, lilitayarishwa mapema au limeangushwa kutoka juu ili kumaliza kisa? Katika "Heart of Ice" jibu la swali la pili ni zito: Freeze anakwenda jela, lakini mkanda wa video unaoonyesha alichofanya Boyle unafika mikononi mwa mwandishi wa habari, na mkosaji wa kwanza anaumbuka mbele ya watu waliokuwa wakimsifu kwa utu wake. Batman ameshinda bila kufurahi, na episodi haitulazimishi kufurahi.

Ukiyapeleka maswali hayohayo kwa "I've Got Batman in My Basement", utaona kwa nini inaanguka. Batman yu hoi kwa sehemu kubwa ya muda, watoto wanaomficha hawabadiliki, na Penguin, mhalifu anayemsaka, angeweza kuwa jambazi mwingine yeyote. Kuna pambano moja zuri ambamo Batman anaukabili mwavuli wenye upanga wa Penguin kwa bisibisi, nami nalipenda sana, ila pambano moja haliokoi dakika ishirini.

Alama itoe mwisho kabisa, na iwe moja. Chagua episodi tatu ambazo una uhakika nazo, moja ya juu, moja ya kati na moja ya chini, uzifanye mizani yako. Kila episodi mpya ilinganishe na hizo, uachane na mambo ya kujumlisha.

Rangi_ya_Usiku amejibu:

Nakubaliana na ndugu Fremu_Tuli kuhusu kuachana na kujumlisha, ila nina hofu kwamba watu wakiacha jedwali huangukia kwenye muhtasari wa hadithi. Tumesoma tathmini nyingi za aina hiyo, ambamo mwandishi anasimulia kisa kizima, anasifu maneno mawili matatu, kisha anasema michoro ni mizuri. Katika katuni, mchoro ndio unaosimulia, na episodi isiyochorwa vizuri ina hadithi iliyosimuliwa vibaya, hata kama muswada wake ni dhahabu.

Katuni hii ilikuwa na msimamo wake tangu mwanzo. Eric Radomski, aliyeibuni pamoja na Bruce Timm, aliamua mandhari zichorwe juu ya karatasi nyeusi badala ya nyeupe. Jambo hilo linaonekana la kiufundi tu, lakini matokeo yake ni kwamba giza ndilo lililokuwapo kwanza na mwanga ukaongezwa pale tu ulipohitajika. Ukitaka kupima uchoraji wa episodi, angalia kama mwongozaji ameutumia uamuzi huo au ameupuuza. Wapo waliomwacha Batman asimame kwenye chumba chenye taa tele akizungumza kama karani, na hapo mtindo wote unavunjika.

Inafaa pia ujue ni studio ipi ilihuisha episodi unayoipima, kwa maana kazi hiyo ilisambazwa kwa studio kadhaa za ng'ambo ambazo viwango vyake havikulingana. "Feat of Clay" ni mfano usio na mpinzani. Sehemu ya kwanza ilihuishwa na AKOM ya Korea Kusini, na sura za watu zinabadilika kutoka picha moja hadi nyingine bila sababu. Sehemu ya pili ilihuishwa na Tokyo Movie Shinsha ya Japani, na mwisho wake ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyowahi kufanywa katika televisheni ya watoto. Clayface, mwigizaji wa zamani aliyepoteza umbo lake, anasimamishwa mbele ya ukuta wa televisheni zinazoonyesha wahusika aliowahi kuwaigiza. Mwili wake unaanza kufuata kila picha pasipo ridhaa yake: uso mmoja unayeyuka kabla haujakamilika, mwingine unachomoza begani kwake, mikono inarefuka na kurudi. Hakuna mazungumzo yanayoweza kufikisha hilo. Ukisoma muswada wake pekee utaona mtu anapiga kelele na kuanguka.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza inastahili kukatwa alama, nami nisingeionea huruma. Ninachopinga ni kuikata kwa kosa la usafi wa mistari tu. Ikate pale ambapo mchoro umeshindwa kutuambia jambo tulilopaswa kulijua.

Halafu kuna suala la masharti ya kituo cha televisheni. Waandaaji walibanwa kuhusu damu, vifo, kukaba watu koo na watoto kuwekwa hatarini, na baadhi ya picha bora za katuni hii zilizaliwa na mbano huo. Katika "Robin's Reckoning" sehemu ya kwanza tunajua kwamba wazazi wa Dick Grayson, kijana ambaye baadaye anakuwa Robin, msaidizi wa Batman, wataanguka kutoka kwenye bembea ya sarakasi. Hatuwaoni wakianguka. Wanabembea hadi nje ya picha, na kinachorudi ndani ya picha ni kamba iliyokatika. Mtu akiniambia kwamba episodi hiyo imepungukiwa kwa sababu haikuonyesha kifo, nitajua hakutazama vizuri. Pima kile mwongozaji alichokifanya ndani ya uzio aliowekewa, usimpime kwa kile ambacho angeruhusiwa kukifanya katika filamu ya watu wazima.

Kicheko_Kikavu amejibu:

Hoja zote nimezisoma kwa makini, na naona mmeanza kuelemea upande uleule ambao tathmini za katuni hii huelemea kila mara: mifano ni ya majonzi matupu, mke aliyepotea, wazazi waliokufa, mwigizaji aliyeyeyuka. Kwa mwendo huu kila episodi inayochekesha itapewa saba hata ikiwa haina dosari.

"Almost Got 'Im" haina msiba wowote. Wahalifu wamekaa mezani wanacheza karata na kusimuliana jinsi kila mmoja alivyokaribia kumuua Batman. Ifikapo zamu ya Killer Croc, ambaye ni jitu lenye nguvu nyingi na akili haba, kisa chake chote ni kwamba alimrushia Batman jiwe, tena jiwe kubwa. Wenzake wanamtazama kimya. Ni kichekesho ambacho hakikosi kukuchekesha, na papo hapo ni dalili iliyofichwa machoni pa watu, kwa sababu baadaye tunagundua kwamba aliyekuwa amevaa sura ya Croc muda wote ni Batman mwenyewe, aliyekuja kuwapeleleza. Nani mwingine angesimulia kisa kibovu namna hiyo kuhusu kumuua Batman? Ukitumia kipimo cha ndugu Fremu_Tuli cha mambo kutayarishwa mapema, episodi hii inasimama bega kwa bega na "Heart of Ice", ila kipimo cha badiliko na gharama kinaionea. Wahalifu wanabaki walewale. Hilo ndilo lengo la kichekesho, wahusika wasibadilike.

Ningependekeza basi kwamba kabla ya kuuliza kama episodi ni nzuri, uulize ni ya aina gani. Katuni hii ilikuwa na visa vya kipelelezi, vya kutisha, vya mapenzi na vya mzaha, na kuvipima vyote kwa kiwango cha machozi ni kutoitendea haki.

Mpanga_Rafu amejibu:

Nijibu swali la pili na la tatu, ambayo naona yamesahaulika.

Kuhusu visa vyenye sehemu mbili, toa alama mbili. Waliotoa tuzo walifanya hivyo: "Robin's Reckoning" sehemu ya kwanza ndiyo iliyopata Primetime Emmy mwaka 1993, si kisa chote. Sehemu hizo zilirushwa kwa kupishana wiki moja, Februari mwaka huo, kwa hiyo watazamaji waliishi na ya kwanza siku saba nzima bila ya pili. Sehemu ya kwanza inapaswa kuwa na umbo lake yenyewe, na si kuwa nusu ya kitu. Sehemu ya pili ina deni la kulipa, na hapo ndipo nyingi zinaposhindwa. Ya "Robin's Reckoning" inalilipa kwa namna nisiyoichoka: Robin anaamini kwamba Batman alimzuia asimfuate Tony Zucco kwa sababu hakuwa na imani naye, kumbe Batman aliogopa kwamba mtu aliyewaua wazazi wa kijana huyu angemuua na yeye. Ufunuo huo hauna nguvu bila ya sehemu ya kwanza, na bado alama zake ni zake. Usitafute wastani wa hizo mbili, kwa sababu wastani utaifanya ile mbovu ionekane ya kadiri na ile bora ionekane ya kawaida.

Kuhusu mpangilio, episodi nyingi za katuni hii zinajitegemea, kwa hiyo tofauti si kubwa. Fuata wa kutayarishwa, maana unaonyesha jinsi waandaaji walivyokuwa wakijifunza kazi yao. Kinachohitaji uangalifu ni wahusika wanaojengwa polepole. Harvey Dent ni rafiki wa Bruce Wayne, yaani Batman asipovaa kinyago, katika "Pretty Poison" kabla ya kugeuka kuwa mhalifu katika "Two-Face", na anayeitazama hii ya pili bila kumfahamu kwanza kama mtu mcheshi anayependwa ataiona ni hadithi ya jambazi mwenye uso ulioungua. Ukiwa umemfahamu, unaona rafiki anaangamia. Katika mahali kama hapo taja wazi katika tathmini yako kwamba sehemu ya nguvu ya episodi imetoka nje yake.

Wino_na_Picha amejibu:

Nawashukuru sana. Jedwali naliweka kando, na mizani yangu itakuwa "Heart of Ice" juu, "I've Got Batman in My Basement" chini, na ya kati nitaitafuta miongoni mwa zile za kawaida. Ushauri wa ndugu Kicheko_Kikavu kuhusu aina ya kisa nimeupokea, nami nitautaja mwanzoni mwa kila tathmini.

Limebaki jambo moja ambalo hoja ya ndugu Mpanga_Rafu imelichokoza. Ikiwa nguvu inaweza kutoka nje ya episodi kwa yale yaliyotangulia, vipi kuhusu yale yaliyokuja baadaye? Nafika kwenye "Joker's Favor", ambamo Harley Quinn alionekana kwa mara ya kwanza mnamo Septemba 1992. Leo hii anajulikana dunia nzima, ameingia katika vitabu vya katuni na katika sinema. Wengi huipa episodi hiyo alama za juu kwa sababu hiyo. Je, ni halali?

Fremu_Tuli amejibu:

Si halali, na bahati nzuri episodi yenyewe haiuhitaji msaada huo.

Harley aliandikwa awe msaidizi wa Joker, mhalifu mcheshi aliye adui mkuu wa Batman, kwa kisa hicho kimoja, na ukimtazama bila kukumbuka yaliyofuata utaona mhusika mdogo mwenye sauti ya kupendeza ya Arleen Sorkin na vichekesho vichache vilivyowekwa mahali pake. Umaarufu wake ni habari ya kihistoria, uandike katika aya zako ukipenda, ila usiuweke katika alama.

Mhusika wa kisa hicho ni Charlie Collins, mtu wa kawaida aliyerudi nyumbani akiwa amechoka, akamtukana dereva mwenzake barabarani na kugundua kwamba dereva huyo ni Joker. Anaachiwa kwa sharti la kumtendea Joker hisani siku itakayotajwa, na kuanzia hapo maisha yake si yake tena. Ni katuni ya shujaa ambamo kwa muda mrefu shujaa hayupo, na tishio lote linatokana na kusubiri simu. Mwishoni, Charlie ndiye anayembana Joker kwenye kichochoro akiwa na bomu mkononi, akimweleza kwamba atakufa kwa mkono wa mtu asiye na jina, na mcheshi mkuu anaogopa hadi anamwita Batman amwokoe. Bomu linageuka kuwa la mzaha. Mark Hamill, anayemtolea Joker sauti, anaishusha sauti hiyo kutoka kicheko hadi hofu ya kweli ndani ya sekunde chache, na ni hapo ningekuomba usimamishe picha, urudishe nyuma na usikilize tena kabla ya kuandika chochote. Mimi ningeipa tisa, zote za Charlie.

Kicheko_Kikavu amejibu:

Nane na nusu. Wazo la karamu ya polisi katikati ya kisa linachukua muda mrefu kuliko inavyostahili, na Batman anatoka kwenye mtego aliotegewa kwa urahisi mno. Lakini kuhusu kichochoro sina la kuongeza.